Mrina asali naye ana haki yake

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, miongoni mwa kazi za heri mkoani Tabora ni ufugaji wa nyuki. Kazi hii hustawi pale mti unaposimama na kuchanua, wala si pale unapokatwa. Kwa sababu hiyo wapo ndugu zetu waliofungua biashara ndogo za asali na nta kwa nia ya kupata riziki ya halali huku wakiuhifadhi msitu wa miyombo. Nia hiyo ni njema. Lakini anayeutunza msitu huo hasa ni nani? Si mwenye duka mjini. Ni kijana anayelala kambini porini, mbali na macho ya tajiri wake.

Kijana huyo akicheleweshewa ujira, au akitumwa tu bila kuulizwa rai yake, huenda asigome wala kulalamika. Atarina masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta, na asali yenye maji mengi itachacha. Ataacha kijinga cha moto chini ya mti, na pori litaungua. Atachuna magome ya mti mbichi apate mzinga wa haraka, na mti utakufa. Huko porini hakuna msimamizi ila dhamiri yake.

Historia ya Tabora yenyewe inatufunza. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo katika njia ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, kila mmoja kiasi cha kilo 30. Njia hiyo ilipitisha pia watumwa, nayo ilikuwa dhulma kubwa. Ama wapagazi wa ujira, wao walipatana malipo kabla ya kuondoka, na posho yao ilikuwa haki inayojulikana. Mwenye msafara aliyewanyima posho aliweza kuamka alfajiri akakuta mizigo chini na watu wametoroka. Wenye busara walizungumza na wanyapara kabla ya kuzidisha mwendo.

Dini yetu imelisisitiza jambo hili. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka (Ibn Majah), na asitwikwe asiloliweza, na akitwikwa, asaidiwe (Bukhari). Katika Surat al-Qasas, aya ya 27, mzee wa Madyan alimtajia Nabii Musa (A.S.) muda wa kazi kabla haijaanza. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi.

Kwa hiyo tunawanasihi wenye biashara hizi: andikeni mapatano na mlipe siku iliyotajwa. Wapeni warinaji mavazi ya kinga na bomba la moshi, wasilazimike kutumia mienge. Kabla ya msimu fanyeni shura nao, kwani wao ndio wajuao ni mti gani umechanua na ni mzinga upi umehamwa. Msimu ukiisha, wafungulieni hesabu, na ikipatikana ziada wapeni fungu.

Nawe mfanyakazi, ukishatimiziwa haki yako, kazi uliyopewa ni amana, hata kama hakuna akuonaye ila Mola wako.

Tunamuomba Allah atujaalie uadilifu katika kuajiri na katika kuajiriwa. Amin.