Bei ya Kitabu si Thamani Yake

Majuzi mwanafunzi wangu wa zamani alibisha hodi kwangu akiwa na kitabu alichokifunga kwa gazeti. "Mwalimu," akaniambia baada ya kuamkuana, "hebu nitazamie hiki kabla sijakiuza." Alikuwa amekikuta sandukuni mwa marehemu babu yake, ambaye katika ujana wake alifanya kazi kwa mlowezi mmoja Mskoti. Hilo halikunishangaza. Waskoti wameacha alama nyingi nchini mwetu. Hata jina Thogoto, kule Kikuyu, latokana na wao na misheni yao.

Kitabu chenyewe kilikuwa mkusanyo wa nyimbo za zumari ya kiriba, ile ala ambayo mpigaji huukumbatia mfuko wa ngozi kwapani na kuujaza pumzi. Kilikuwa na jina la mchapishaji, David Glen wa Edinburgh, lakini hakikuwa na mwaka. Muuzaji mmoja wa vitabu vya mitumba jijini alikuwa amemwambia kijana kwamba hizo ni karatasi za kufungia njugu. Wa pili alimhakikishia kwamba maadamu kitabu kimechakaa ni cha kale, na maadamu ni cha kale kinatosha kununulia shamba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekifungua.

Nathubutu kusema kwamba kosa la wafanyabiashara hao wawili ndilo kosa letu sisi walimu. Tunawafunza watoto kusoma yaliyomo kitabuni, lakini hatuwafunzi kukihoji kitabu chenyewe: kilichapishwa lini, na nani, na je, ndicho hicho kilichotoka mwanzo au ni mjukuu wake aliyerithi jina?

Vitabu vya zumari hii ni somo zuri la jambo hilo, kwa kuwa vingi vyavyo havina tarehe. Mkusanyo wa Donald MacDonald, mmojawapo wa vitabu vya kwanza vya muziki mkuu wa zumari uitwao piobaireachd, haukuandikwa mwaka. Wataalamu huuweka karibu na 1820. Zaidi ya hayo, muziki wa zama hizo mara nyingi ulichongwa kwenye mabamba ya madini. Mchapishaji aliyahifadhi mabamba yake, na miaka 20 baadaye aliweza kuyatoa tena na kupiga chapa nyingine. Noti ni zile zile, jina ni lile lile, ilhali kitabu ni kingine.

Atafanyaje basi mtafutaji? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ataanza na anwani ya duka la mchapishaji, kwa kuwa maduka huhama na mwaka wa kuhama hujulikana. Atatazama bei iliyochapwa jaladani. Atasoma matangazo ya vitabu vingine yaliyoko nyuma, kwani kitabu hakiwezi kutangaza kilichokuwa hakijatungwa. Ataiinua karatasi mwangani, huenda akaona alama ya mtengenezaji iliyofichika ndani yake, pengine na mwaka. Atachunguza mistari ya noti: bamba jipya hutoa mstari mkali, bamba lililochoka hutoa mstari uliofifia au wenye ufa. Msomi Roderick Cannon alichapisha bibliografia nzima ya muziki huu mwaka wa 1980, na ushahidi mdogo mdogo wa namna hii ndio unaotenganisha toleo na toleo.

Asiyefanya hivyo hupotoka. Mwaka wa 1828 Neil MacLeod wa Gesto alichapisha nyimbo 20 za ukoo mashuhuri wa wapiga zumari, akina MacCrimmon. Hakutumia noti bali silabi ambazo walimu wa zamani waliziimba ili mwanafunzi ashike wimbo kwa sikio. Kitabu hicho kilichapishwa tena mwaka wa 1880. Anayeishika nakala ya 1880 na kuidhania ya 1828 amekizeesha kitabu kwa miaka 52, na akiiuza kwa bei ya ile ya kwanza amemdhulumu mnunuzi, hata kama hakukusudia.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri wanaokusanya vitu adimu. La hasha! Mwaka wa 1838 Angus MacKay, ambaye baadaye alikuwa mpiga zumari wa Malkia Victoria, alichapisha nyimbo 61. Kitabu chake kiliheshimiwa mno hata namna alivyoziandika nyimbo hizo ikawa kipimo mashindanoni. Mpigaji aliyefunzwa kwa mdomo na baba yake, namna tofauti lakini ya haki vilevile, angeweza kuonekana amekosea. Ili kumtetea mtu huyo, ni lazima tujue ni nani aliyetangulia kuandika nini. Tarehe ya kitabu si pambo; ni ushahidi.

Lakini tusije tukadhani kwamba cha kwanza ndicho cha kweli daima. Joseph MacDonald aliandika maelezo ya nadharia ya zumari hii. Alikwenda India mwaka wa 1760 katika utumishi wa Kampuni ya India Mashariki, akafia huko. Mswada wake ulirudishwa Uskoti, na nduguye Patrick akauchapisha mwaka wa 1803. Roderick Cannon alipotoa toleo jipya mwaka wa 1994 kutokana na mswada wenyewe, ilidhihirika kwamba chapa ya 1803 ilikuwa na makosa mengi. Mkusanyaji ataipigania nakala ya 1803 kwa uhaba wake. Anayetaka kujua Joseph aliandika nini ataliendea toleo la 1994. Wote wawili wana haki yao. Bei hutokana na uhaba, na ukamilifu wa kurasa, na hali ya jalada. Thamani hutokana na swali tunalokiuliza kitabu.

Haya yananiuma kwa sababu. Mwaka wa 1985, mfumo wa elimu ulipobadilika, nilikuwa mwanafunzi. Tuliagizwa kubeba vitabu vya zamani kutoka maktaba ya shule hadi shimo la taka. Tulifanya safari nyingi huku tukicheka, tukifurahi kukosa kipindi cha hesabu. Baadhi ya vitabu hivyo vilikuwa vya Kiswahili, vya karatasi nene ya manjano. Hadi leo sijui nilibeba nini, na sidhani mwalimu aliyetutuma alijua. Usiache mbachao kwa msala upitao, lakini sisi tuliuchoma mbacha kabla hata ya kuutandika.

Basi nawaomba walimu wenzangu, kabla ya kuondoa kitabu chochote rafuni, wawape wanafunzi kazi ya kukipeleleza kwa kipindi kimoja tu: jina, mji, mchapishaji, mwaka, toleo la ngapi, na ni nani aliyeandika pembezoni mwake. Nanyi wanafunzi, mkiambiwa kitabu ni cha thamani au hakina thamani, mwulizeni msemaji amejuaje.

Tulikifungua kile kitabu, mimi na yule kijana. Glen alitoa mkusanyo wake kwa sehemu 17, na sehemu hizo zilichapwa tena na tena. Hiki kilikuwa na sehemu kadhaa zilizoshonwa pamoja, na bei za majalada yao ya ndani hazikulingana. Zilikuwa chapa za nyakati mbalimbali. Shamba halikuwamo. Lakini pembezoni mwa nyimbo tatu mlikuwa na alama za penseli za mtu aliyekuwa akijifunza, na chini ya moja ya nyimbo hizo, kwa mwandiko mwingine, maneno mawili ya Kiswahili: "Polepole hapa."

Kijana aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akakifunga tena kitabu kwa gazeti lake. Hakuniuliza tena habari za bei.