Saruji Si Dawa ya Kila Ukuta

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba jengo la kale likishapigwa saruji limekwisha okolewa. Twapenda wenye dhana hiyo, hasa wale ambao saini zao ndizo zinazotoa idhini ya matengenezo, waitazame Korea ya Kusini.

Karibu na mji wa Gyeongju lipo pango la Seokguram, lililojengwa kwa mawe ya itale katika karne ya 8, na ndani yake ameketi Buddha wa jiwe aliyeelekea baharini. Pango hilo lilikuwa limebomoka kwa sehemu pale watawala wa Kijapani walipolifumua, kati ya mwaka 1913 na 1915, wakalijenga upya na kulizungushia saruji nzito. Yawezekana nia yao ilikuwa njema. Hata hivyo hewa ilizibwa, kuta zikatoka maji, na kuvumwani ikaota juu ya sanamu. Katika miaka ya 1960 Wakorea wenyewe waliongeza kuba la pili la saruji. Leo unyevu huondolewa kwa mitambo, na wageni humtazama Buddha yule kupitia kioo.

Yaliyotendeka Mireuksa, huko Iksan, yanatia moyo zaidi. Mnara wa mawe wa hekalu hilo, ambao maandishi yaliyovumbuliwa ndani yake mwaka 2009 yanautaja mwaka 639, nao ulitiwa saruji mwaka 1915 ili usianguke. Kuanzia 2001 mafundi waliufungua jiwe baada ya jiwe, wakaondoa tani zipatazo 185 za saruji, na kazi haikukamilika mpaka 2019. Wala hawakuurefusha. Ulikutwa na ghorofa sita, ukaachwa na sita. Jirani yake, mnara wa mashariki, ulikuwa umejengwa upya kwa ghorofa tisa na mawe mapya, nao umelaumiwa sana kuwa hauna roho.

Haraka nayo ina gharama yake. Lango la Sungnyemun mjini Seoul lilichomwa moto na mtu mmoja mwenye kinyongo, usiku wa tarehe 10 Februari, 2008, wakati ambapo halikuwa na mlinzi. Lilifunguliwa tena Mei 2013. Haikupita miezi mingi rangi zake zikaanza kubanduka. Ilibainika kwamba rangi na gundi za kiwandani zilikuwa zimechanganywa na zile za asili zilizoagizwa.

Visiwani kwetu nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Ukipigwa lipu ya saruji, maji hubaki ndani na chumvi huula taratibu. Beit el Ajaib ilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba, 2020, watu wawili walipoteza maisha. Hatudai kwamba saruji ndiyo iliyoiangusha. Tunalodai ni kwamba kila kibali cha matengenezo kitaje vifaa vitakavyotumika, na mkaguzi afike kuviona kabla lipu haijapigwa, si baada yake. Wenye nyumba wasio na uwezo wapunguziwe bei ya chokaa, kwani wengi huikimbilia saruji kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Na wazee wetu wanaojua kuchoma na kulowesha chokaa wapewe wanafunzi, posho za wanafunzi hao ziingizwe katika bajeti ijayo.