Mtoto wa Samburu Afunzwe Kusema kwa Kipupwe Chake

Kadi nyingi za kuwazoeza kusema wanafunzi wenye matatizo ya usemi hutengenezwa Ulaya na Marekani. Za msimu wa baridi huonyesha theluji na glavu. Mwanafunzi wa Samburu, Kwale, ambaye hajaiona theluji, akinyamaza mbele ya picha hiyo, utajuaje kama tatizo ni ulimi wake au ni picha yenyewe?

Kipupwe chetu kinatosha. Kati ya Juni na Agosti, mwalimu alete darasani sweta, blanketi na bakuli la uji. Sauti ya "b" ifunzwe kwa baridi, blanketi na bakuli. Mtoto aeleze uji unavyopikwa: kwanza nini, kisha nini. Aulizwe, "Kwa nini umevaa sweta?" ajibu kwa sentensi nzima.

Nawe mzazi, yarudie hayo nyumbani kwa Kiduruma bila hofu. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Lakini mtoto aliyetimiza miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili apelekwe hospitali, na masikio yake yapimwe kwanza. Usingoje ukijiambia, "Atasema tu."