Ovechkin kaivunja rekodi ya Gretzky, lakini ubishi wa nani mkali wa muda wote bado mbichi

APRILI 6, 2025, nje kidogo ya jiji la New York, Alex Ovechkin alipokea pasi upande wake uleule wa kushoto anaoupenda, akaachia shuti kali, kipa Ilya Sorokin akabaki anageuka kuangalia nyavu. Bao la 895. Mechi ikasimama. Mrusi huyo mwenye mvi kichwani akajitupa kifudifudi na kuteleza kwa tumbo juu ya barafu.

Timu yake, Washington Capitals, ilichapwa 4-1 siku hiyo na New York Islanders. Hakuna aliyejali.

Rekodi aliyoivunja ni mabao 894 ya Wayne Gretzky, iliyodumu tangu Mkanada huyo alipostaafu mwaka 1999. Kwa miaka mingi wapenzi wa hoki ya barafu waliamini haitaguswa. Novemba mwaka huohuo Ovechkin akafikisha mabao 900, wa kwanza katika historia ya ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL.

Basi ubishi umekwisha? Wapi! Ndiyo kwanza umechacha.

Mechi zilezile 1,487

Kuna jambo la ajabu kwenye hesabu hizi. Gretzky alicheza mechi 1,487 za msimu wa kawaida. Ovechkin alifunga lile la 895 katika mechi yake ya 1,487. Kwa hiyo hakuna wa kusema jamaa kapewa muda mrefu zaidi.

Wanaomtetea Ovechkin wana hoja nzito. Miaka ya mwanzo ya 1980, Gretzky alipokuwa moto, mechi moja ya NHL ilikuwa na wastani wa karibu mabao 8. Makipa wengi walidaka wamesimama, na vikinga vyao vya miguuni vilikuwa vyembamba. Ovechkin alianza mwaka 2005, wakati mechi ina mabao kama 6 tu, na golini amesimama pande la mtu anayepiga magoti na kuziba kila upenyo. Ongeza msimu wa 2004-05 uliofutwa kwa mgogoro wa wachezaji na wamiliki, ule wa 2012-13 uliokatwa karibu nusu, kisha corona. Jamaa angeweza kuvunja rekodi hii mapema zaidi.

Kwa kutupia kambani, basi, kesi imefungwa. Mfungaji mkubwa kuliko wote ni Ovechkin.

Lakini kwenye hoki, pasi ya bao inahesabiwa sawa na bao. Kila moja ni pointi. Hapo ndipo Gretzky anapomwacha kila mtu. Ana asisti 1,963 na jumla ya pointi 2,857. Anayemfuata, Jaromir Jagr wa Jamhuri ya Czech, ana pointi 1,921. Yaani ukimfutia Gretzky mabao yake yote 894, lisibaki hata moja, bado anaongoza! Ovechkin siku ile alikuwa na pointi kama 1,600.

Na ile hoja ya makipa wepesi ina tundu. Makipa haohao walichezewa na washambuliaji wengine wote wa enzi ile. Gretzky alivuka pointi 200 kwa msimu mmoja mara nne. Hakuna mwingine aliyewahi kuvuka hata mara moja. Mario Lemieux aliishia 199. Kama mlango ulikuwa wazi, mbona aliingia mmoja tu?

Wazee wa 'laiti angekuwa mzima'

Wapo wasiotaka kusikia habari za jumla. Wao wanauliza, je, mtu huyu akiwa kwenye ubora wake, nani alimuweza?

Lemieux ndiye jina lao la kwanza. Januari 1993 aligundulika kuwa na saratani ya tezi. Akakaa nje kama miezi miwili. Siku aliyomaliza tiba ya mionzi alipanda ndege hadi Philadelphia, akacheza usiku huohuo na kufunga. Alirudi akiwa nyuma kwenye mbio za pointi, na msimu ulipokwisha alikuwa kinara kwa pointi 160 katika mechi 60 tu. Hadithi kama hiyo mtu akiiandika kwenye filamu, mtasema anatia chumvi.

Jina la pili ni Bobby Orr. Huyu alikuwa beki. Kabla yake mabeki walikaa nyuma kulinda; Orr alichukua paki, kile kisahani cheusi, akapanda nacho mwanzo mwisho. Mara mbili alimaliza msimu akiongoza ligi nzima kwa pointi, na mpaka leo hajatokea beki mwingine aliyefanya hivyo. Magoti yakamkatalia. Alistaafu akiwa na miaka 30, mechi 657 tu. Wazee wa Boston ukiwatajia mtu mwingine wanakuangalia kwa huruma.

Gordie Howe naye anastahili kutajwa, maana mabao yake 801 ndiyo rekodi aliyoivunja Gretzky mwaka 1994, na alicheza NHL mpaka umri wa miaka 52.

Makipa husahaulika kwenye mijadala hii, sijui ni kosa la nani. Olimpiki ya Nagano 1998, nusu fainali, Dominik Hasek alizuia penalti zote tano za Canada. Gretzky alikuwa benchi, kocha hakumpa hata moja. Czech wakaenda kuifunga Urusi 1-0 na kubeba dhahabu. Wanawake ndio hawatajwi kabisa, wakati Marie-Philip Poulin amefunga bao la ushindi katika fainali tatu za Olimpiki: 2010, 2014 na 2022. Mwanaume mwenye rekodi hiyo hayupo.

Siasa zaingia barafuni

Kinachofanya ubishi wa safari hii uwe mchungu ni kwamba majina mawili ya juu yote yana kivuli cha rais nyuma yake.

Ovechkin mwaka 2017 alianzisha mtandaoni kampeni ya kumuunga mkono Vladimir Putin. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, aliomba vita vikome lakini hakumlaani rais wake. Timu ya taifa ya Urusi ilifungiwa mashindano ya kimataifa. Yeye aliendelea kufunga Washington. Hasek, yuleyule kipa wa Nagano, ni miongoni mwa waliopiga kelele zaidi kutaka NHL iwasimamishe wachezaji wa Urusi.

Gretzky naye ni rafiki wa Donald Trump. Ingekuwa zamani lisingekuwa jambo. Lakini Trump alipoanza kusema Canada iwe jimbo la 51 la Marekani, Wakanada walitegemea mtu wao mashuhuri zaidi aseme neno. Hakusema la maana. Februari 2025, siku ya fainali ya Canada na Marekani mjini Boston, alikuwa nahodha wa heshima wa Canada, akapita akiwaonyesha dole gumba wachezaji wa Marekani. Canada ilishinda 3-2, lakini nyumbani watu walikuwa wamenuna. Mwezi uliofuata sanamu yake mjini Edmonton ilipakwa uchafu.

Ndipo baadhi wakaanza kumkumbuka Orr. Tatizo ni kwamba Orr alilipia tangazo la gazeti kumpigia debe Trump mwaka 2020, na ni yeye aliyejitokeza kumtetea Gretzky hadharani. Ukikimbilia huko nako ni kulekule.

Kwa Mkanada hili si la kupuuza. Swali la nani bora kwao halijawahi kuwa la namba peke yake, lilibeba na nani ni wetu. Ila mabao ya mwaka 1982 hayawezi kupungua kwa picha ya mwaka 2025, na ya Ovechkin vilevile. Kumvulia mtu kofia na kumpenda ni mambo mawili.

Nani anafuata?

Sidney Crosby ana makombe matatu ya Stanley na dhahabu mbili za Olimpiki. Wakenya wa Ice Lions waliwahi kucheza naye Canada mwaka 2018. Connor McDavid ana kasi ambayo haijawahi kuonekana. Mwaka 2024 alitoa asisti 34 kwenye mechi za mtoano, akaipiku rekodi ya Gretzky ya 31, na kutajwa mchezaji bora licha ya Edmonton kupoteza fainali. Mwaka uliofuata wakapoteza tena kwa Florida haohao.

Ya mabao imeshaanguka. Zile asisti 1,963 ndizo ngumu: aliyestaafu akiwa wa pili, Ron Francis, aliishia 1,249.