Kabla ya Kumwita Mkaidi, Mpime Mdomo

Waliotuachia methali ya kwamba punda hendi bila kigongo hawakutuambia punda huyo alibebeshwa nini, wala ngozi ya mgongo wake ilikuwaje chini ya shehena. Walitupa hukumu bila maelezo ya kesi, nasi tukaipokea hivyo hivyo. Hadi leo mnyama akigoma, akirusha kichwa, akirudi kinyumenyume au akikataa kuguswa masikio, jibu liko tayari: ni mkaidi, na dawa ya mkaidi ni ukali. Kwa punda ukali huo ni fimbo. Kwa farasi ni lijamu. Akikataa kusimama kwa chuma cha kawaida, anatafutiwa chembamba zaidi, au chenye mikono mirefu pembeni, au mkanda wa pua unakazwa tundu moja mbele. Imani hii utaikuta kwa mkulima wa mahindi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na utaikuta kwa mwenye fedha zake anayepanda farasi Munyonyo, Kampala, kando ya ziwa. Pengine ndilo jambo pekee wanalokubaliana wawili hao. Ni imani ya uongo, na imeishi miaka mingi kwa sababu inamwondolea mwenye mnyama kazi ya kupima.

Apime nini? Aanze na mdomo. Nyuma ya meno ya mbele ya farasi, kabla ya kufika kwenye magego, taya la chini lina pengo lisilo na jino. Hapo ndipo lijamu inapokaa, juu ya ulimi na juu ya mfupa wenye ukingo mwembamba uliofunikwa na ufizi tu. Nafasi ya ziada haipo: ulimi umeujaza mdomo, na kaakaa liko juu yake karibu kabisa. Lijamu ikiwa fupi, pete zake hubana pembe za midomo na kuzichuna. Ikiwa ndefu mno huteleza huku na huku, na ile yenye kiungo katikati hukunjika na kusukuma kaakaa hatamu zinapovutwa. Ikining'inia chini mno hugonga meno. Ikipandishwa mno huvuta midomo kama mtu anayelazimishwa kucheka. Wapo pia farasi wenye kijino mbele ya magego, na chuma hukigonga kila mkono unapovuta, lakini mpandaji hajui kuwa kipo kwa kuwa hajawahi kuingiza kidole akakitafuta. Ile ya wenzo, yenye mikono ya chuma pembeni, hukuza nguvu ya mpandaji kadiri mikono hiyo inavyorefuka. Sasa mtu anaona farasi anarusha kichwa, anahitimisha kuwa ana kiburi, anamwongezea wenzo. Amemkuta mgonjwa wa jino, akampa mfupa atafune.

Tazama tunavyotendea vitu vingine. Pikipiki ikianza kuvuta upande mmoja, dereva wa bodaboda wa mtaa wa Wandegeya haipigi mateke. Anasimama kwa fundi, wanakagua tairi, mnyororo na uma wa mbele, kwa sababu anajua chombo hakina nia mbaya. Kikienda kombo kuna kitu kimelegea au kimebana. Farasi akivuta upande mmoja tunamsomea tabia yake. Ajabu ni kwamba mnyama mwenye mishipa ya fahamu ndiye anayenyimwa ukaguzi ambao chuma baridi hupewa bila mjadala. Hata lugha yetu imechukua upande. Kushika hatamu kwetu ni kutawala, chama hushika hatamu, kiongozi hukabidhiwa hatamu, na katika misemo yote hiyo hakuna hata mmoja unaotaja kinachotendeka kwenye ncha ya pili ya hatamu, kule zilikofungwa kwenye chuma.

Anayeona haya ni maneno ya huruma tu, na aangalie waliofungua midomo wakahesabu. Nchini Finland watafiti waliwakagua farasi 261 wa mbio za kukokota vigari mara baada ya kushindana, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019: asilimia 84 walikuwa na majeraha mapya mahali lijamu inapokaa. Walioonyesha damu nje ya mdomo walikuwa wachache sana, maana yake mmiliki aliyesimama pembeni hakuona kitu. Watafiti hao walirudi kwa farasi 208 wa mashindano ya kuvuka nyika na vizuizi, wakachapisha mwaka 2021, na zaidi ya nusu walikuwa na majeraha. Jambo la kutazamwa zaidi katika kazi hiyo ya pili ni unene wa chuma. Majeraha makubwa yaliwaandama zaidi farasi waliovaa lijamu nyembamba za milimita 10 hadi 13, na pia waliovaa nene za milimita 18 hadi 22, kuliko waliovaa za kati. Tulizoea kuambiwa kwamba nyembamba ni kali na nene ni pole, kwa hiyo mwenye huruma anunue nene. Kumbe nene nayo haina pa kukaa katika mdomo uliojaa ulimi. Kipimo ndicho kilichoamua, na hakuna kipimo kinachojulikana kwa kutazama bei au sura ya chuma dukani.

Mkanda wa pua una hadithi yake. Kanuni ya zamani ni kwamba vidole viwili vya mtu mzima vipite kati ya mkanda na mfupa wa pua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopima farasi 750 wa mashindano, ulikuta asilimia 44 hakuna hata kidole kimoja kilichopita, na waliotimiza vidole viwili walikuwa asilimia 7 tu. Hawa ni watu wenye makocha, madaktari wa mifugo na matandiko ya gharama. Walikaza kwa sababu farasi aliyefungua mdomo anaonekana mtovu wa nidhamu mbele ya waamuzi, na mkanda uliobana huficha malalamiko bila kuyaondoa. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lililazimika kuleta kifaa maalumu cha kupimia nafasi hiyo mwaka 2025, kwa kuwa vidole vya watu vilikuwa vimegeuka kuwa vya mpira.

Upande wa ukali una hoja moja nzito, nayo ni kwamba unafanya kazi. Farasi aliyewekewa chuma kikali husimama. Punda aliyechapwa hutembea. Ni kweli, hufanya hivyo leo. Lakini maumivu humfundisha mnyama kuyakimbia, na njia za kuyakimbia ni nyingi: kupandisha ulimi juu ya lijamu, kuinua kichwa hadi chuma kihame, kukunja shingo hadi kidevu kiguse kifua, kukimbia moja kwa moja bila kujali mkono. Kila njia inayogunduliwa na farasi huzaa kifaa kipya cha kuiziba, na baada ya miaka miwili kichwa kimejaa kamba na chuma kama nguzo ya umeme ya mtaa wa Kisenyi. Wanasema pia kwamba wanaojifunza wanahitaji usalama, na kwa hiyo farasi wa kukodishwa lazima awe na breki za uhakika. Hapa mantiki imepinduliwa kabisa. Mwanafunzi ndiye asiyejua kutuliza mkono, hujishikilia kwa hatamu kila anapoyumba. Kumpa wenzo ni kumkabidhi wembe mtu anayetetemeka. Farasi wa wanafunzi husimama kwa sababu amefundishwa kusimama kwa sauti na kwa uzito wa mwili.

Hali yetu ya Uganda inaongeza uzito. Mbung'o, pamoja na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, vilitunyima historia ndefu ya farasi, na kwa hiyo hatukurithi mafundi wa matandiko. Kilichokuja kimekuja na wageni, vipande vipande, na palipo na uhaba tandiko moja huhamishwa kutoka mgongo hadi mgongo. Mgongo, kwa bahati nzuri, huandika yote yanayoupata. Mvue farasi tandiko akiwa amelowa jasho: doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa mara nyingi ni mahali palipobanwa. Nywele nyeupe kwenye mwinuko wa mabega ya farasi wa rangi nyingine ni kovu la mbano wa zamani, na nywele hizo kwa kawaida hazirudii rangi yake. Mnunuzi anayejua kusoma alama hizo hahitaji kusimuliwa tabia ya farasi na muuzaji.

Najua msomaji wa Kampala anajiuliza farasi wako wangapi mjini hapa hata gazeti limpotezee muda. Ni wachache, na wangekuwa mchezo wa matajiri tu kama jambo hili lingeishia kwao. Lakini chukua barabara hadi Kapchorwa na Bukwo, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Huko mahindi na viazi hushuka kutoka mashambani, kwenye njia ambazo gari haliziwezi, yakiwa juu ya punda, na baadhi ya mahindi ya huko huishia kuwa posho, yaani ugali, kwenye sahani za mjini. Punda wa kwetu wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 160, na kanuni ya kawaida ni kwamba asibebe zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Gunia la mahindi lina kilo 100. Likilazwa katikati ya mgongo na kufungwa kwa kamba ya nailoni, linakaa juu ya ncha za uti wa mgongo zenyewe, na kamba inakata kwapa na chini ya mkia kila anaposhuka mteremko. Punda anasimama. Ana akili ya kusimama. Methali inachukua nafasi yake, fimbo inashuka, na anapotembea tena tunasema mnaona?

Uti wa mgongo haupaswi kubeba kitu. Mzigo ukae juu ya mito miwili, mmoja kila upande wa uti, na katikati pabaki mfereji wa hewa. Mito hiyo hushonwa kwa magunia yaliyochakaa na kujazwa nyasi kavu. Nalitaja hili kwa sababu pingamizi la umaskini ndilo linaloheshimika kuliko yote, na ndilo lisilochunguzwa. Inasemekana mkulima hana fedha za matandiko bora, kwa hiyo tusimhubirie. Hana, na hahitaji. Anachokosa ni kuambiwa mito ikae wapi, kamba ya kifuani ipite juu ya maungio ya bega bila kukaba koo, na kamba nyembamba izungushiwe kitambaa. Kidonda cha mgongo, kwa upande mwingine, kina gharama: punda hukaa wiki kadhaa bila kazi, au anafanya kazi nacho kidonda kikizidi kuchimbika, na mwenye punda analipa bodaboda kushusha mahindi yake.

Watu wa Lamu, kule pwani, wameishi na punda katika vichochoro ambavyo gari halipiti, na ndio wenye neno shogi, lile kapu la pande mbili ambalo wengi wetu wa bara hatulijui hata kwa jina. Zahanati ya punda ilifunguliwa huko mwaka 1987 na shirika la Kiingereza linalowahudumia wanyama hao, na kumekuwa na mashindano ambayo tuzo hupewa mwenye punda aliyetunzwa vizuri zaidi. Sisemi Lamu hakuna punda mwenye kidonda. Ninachosema ni kwamba mtu asiye na fedha hushindania mgongo mzima wa punda wake pale jamii inapouhesabu kuwa sifa, na mashindano hayo hayamtaki anunue ngozi kutoka Ulaya.

Wapo wanaojibu kwa kuruka upande wa pili: tuondoe lijamu kabisa, farasi wapandwe kwa kamba ya kichwa. Nawaelewa, na kwa punda wa mizigo wako sawa, maana huyo hana haja ya chuma mdomoni. Kwa farasi nashauri uangalifu. Mfupa wa pua huwa mwembamba unapoelekea chini, na kamba iliyoshuka mno huubana na kusumbua pumzi. Wala kulegeza mkanda wa pua pekee hakutoshi: utafiti wa Denmark wa farasi 3,143, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta asilimia 9.2 wana michubuko kwenye pembe za midomo, na michubuko hiyo ilionekana zaidi kwa wenye mikanda ya pua iliyolegea. Matokeo hayo huwakera watu wa pande zote mbili, nami nayapenda kwa sababu hiyo. Hayatoi ruhusa ya kukaza. Yanasema tu kwamba anayelegeza kila kitu bila kupima chuma chenyewe hajamaliza kazi.

Na kazi hiyo ni ya mwenye mnyama. Sheria ya Uganda inakataza ukatili kwa wanyama, lakini askari ataona fimbo barabarani. Hataona lijamu iliyopungua sentimita moja. Daktari wa mifugo ataitwa kidonda kikishanuka. Mtunzaji wa zizi huvisha alichokabidhiwa. Aliyelipa fedha ndiye anayeweza kuchukua uzi, kuufunga fundo mwanzoni, kuupitisha mdomoni fundo likigusa pembe moja ya midomo, kuutia alama kwenye pembe ya pili, na kuongeza nusu sentimita. Dakika tano, na farasi asubiri bila kuvutwa. Uzi huo uandikwe jina la farasi na utundikwe kwenye msumari wake, ili chuma cha jirani kisimfikie kwa bahati mbaya. Mteja anayelipia saa moja ya kupanda naye ana haki ya kuomba kupitisha vidole viwili chini ya mkanda wa pua kabla ya kukwea. Akikatazwa, nje ya lango zipo bodaboda za kumrudisha mjini.