Matairi mapana si dawa ya barabara ya Masisi na Walikale

Novemba 2021 nilipanda Land Cruiser ya zamani kutoka Sake kwenda Masisi-centre. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikuwa abiria tisa, akiwemo mama mjamzito aliyepewa kiti cha mbele kwa sababu uchungu ulikuwa umeanza. Gari lilikuwa limefungwa matairi mapana, mapya, yenye meno makubwa, na mwenye gari alikuwa amejisifia nayo kabla hatujaondoka.

Tulipopita Mushaki, kila dereva alipozungusha usukani hadi mwisho kwenye kona kali, tairi la mbele lilisuguana na springi. Mwishowe likapasuka ubavuni. Tairi la akiba lilikuwa lile jembamba la zamani, la kipimo kingine. Dereva alilifunga hivyo hivyo. Gari likaenda kidogo likivuta upande mmoja, kisha likateleza hadi mtaroni. Mama yule alimalizia safari kwa tipoyi, mabegani mwa vijana tuliowakuta njiani. Alifika hospitali usiku. Yaliyofuata ni ya familia yake, sitayaandika hapa.

Tangu siku ile kila gari ninalopanda huku kwetu naliangalia matairi kwanza, na ninachokiona mara nyingi ni kosa lile lile. Land Cruiser nyingi za zamani tunazozitegemea, zile ndefu zinazobeba wagonjwa, walimu, chanjo na magunia, zilitoka kiwandani na tairi la 7.50R16. Ni jembamba na refu, lenye mpira wa ndani. Mtu akinunua gari la namna hiyo, jambo la kwanza analofanya ni kulivua tairi hilo na kulivalisha 285/75R16, kwa hoja kwamba gari litapanda juu na tope halitalishinda.

Tupige hesabu. Tairi la 7.50R16 lina kimo cha milimita 800 na kitu. La 285/75R16 lina kama 834. Tofauti haifiki hata milimita 35, na kwa kuwa difu iko katikati ya gurudumu, gari linanyanyuka kwa nusu tu ya hapo. Ni upana wa kidole gumba. Mifereji iliyochimbwa na malori ya Fuso kwenye barabara hii ina kina cha goti. Kidole gumba hakikutoi humo.

Kwa kidole hicho unalipa mengi. Gurudumu kubwa ni sawa na kuongeza urefu wa gia, na injini ya 1HZ, lita 4.2 za dizeli bila turbo, tayari inahema ikitoka kando ya Ziwa Kivu, mita 1,460, kupanda milima ya Masisi inayopita mita 2,000. Breki zinachelewa kushika. Beringi zilizochoka zinachoka zaidi. Halafu kuna rimu: tairi la 285 linataka rimu ya inchi 7.5 au zaidi, wakati rimu ya asili ya magari haya ni nyembamba kuliko hapo. Likibanwa kwenye rimu hiyo linavimba katikati na kukanyagia sehemu ndogo tu ya meno yake.

Kuhusu tope lenyewe, mzee mmoja aliyeendesha njia ya Walikale kwa miaka mingi alinieleza hivi: "Mwanangu, tairi jembamba linakata tope kama panga na kutafuta jiwe chini. Pana linaogelea." Udongo wa Masisi ni utelezi juu na ugumu chini, kwa hiyo ana haki. Lakini nisimtetee kupita kiasi. Ukishuka kwenye msitu wa Walikale kuna mashimo ambayo chini yake hakuna jiwe, na humo kuogelea kuna faida. Hata hivyo, mwenye tairi jembamba anaweza kupunguza upepo kiasi, akavuka polepole, kisha akajaza tena kwa pampu kabla ya kufika kwenye mawe. Asipojaza, mpira wa ndani utajisogeza na kung'oa valvu. Na koleo na mbao abebe, tairi lolote awalo nalo. (Kipande cha lami kilichojulikana zaidi kule, Kilambo, kwa miaka mingi kilikuwa uwanja wa ndege ndogo za kubeba kasiteriti. Magari yaliachiwa tope.)

Kibaya kuliko upana ni kuchanganya. Naona 7.50R16 mbele na 265/70R16 nyuma, kwa sababu ndiyo yaliyopatikana kwa bei nafuu. Tofauti ya kimo ni karibu asilimia 3.6. Ukifunga gia ya magurudumu manne, kila kilomita moja kuna kama mita 36 ambazo lazima gurudumu fulani liburutwe. Kwenye tope utelezi unakuokoa. Kwenye mawe ya volkano ya Sake mzigo huo wote unabebwa na giaboksi, na giaboksi hainunuliwi Nyabiondo.

Anayetaka kuachana na mpira wa ndani atafute 235/85R16 na rimu inayolingana nalo. Kimo ni karibu kile kile. Vinginevyo abaki na 7.50R16, matano yanayofanana. Baadhi ya malori madogo hutumia kipimo hicho hicho, kwa hiyo quado wa njiani anakifahamu, pamoja na hatari ya rimu ya pete, ambayo huruka kama haikukaa vizuri wakati wa kujaza upepo.

Neno langu ni kwa wanaotia sahihi karatasi za manunuzi: wakuu wa vituo vya afya, maparokia, vyama vya ushirika. Tairi la mtumba lina tarakimu nne ubavuni. 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama muuzaji wa Birere amelipaka rangi nyeusi likang'aa. Tazameni pia namba ya uzito: 116 inabeba kilo 1,250, na 112 kilo 1,120. Na kabla ya kulipa, mwiteni dereva aje dukani. Yule wa safari yangu aliniambia, tukiwa tumesimama kwenye mvua, kwamba alikuwa amelalamika kuhusu matairi yale tangu yalipofungwa.