Ziwa la wadau wengi na madau machache

Katika taaluma yangu ya isimu tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba kitenzi cha Kiswahili kikishatiwa katika kauli ya kutendwa, mtenda anaweza kuachwa nje ya sentensi pasipo sarufi kuvunjika. "Samaki amevuliwa" ni sentensi kamili hata kama mvuvi hatajwi. Sarufi haina kosa hapo. Lakini msomaji ambaye amefuatilia taarifa zinazotolewa kila mara Ghuba ya Winam inapofunikwa na magugumaji, au samaki wa vizimbani wanapoelea wakiwa wamekufa, atakuwa ameona jinsi kauli hiyo inavyopendwa na wakuu wetu. Hatua mwafaka zitachukuliwa. Uchunguzi umeanzishwa. Suala hilo linashughulikiwa. Zitachukuliwa na nani? Linashughulikiwa na yupi? Wengi hudhani kwamba mtenda anafichwa kwa hila. Mimi nimefikia kuamini kwamba mara nyingi hayupo. Nafasi yake katika sentensi ni tupu kwa sababu nafasi yake ofisini ni tupu vilevile.

Nianze na maji yenyewe. Ziwa Viktoria lina eneo la takriban kilomita mraba 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia sita tu; zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Katika sehemu yetu ndogo, Ghuba ya Winam ndiyo inayobeba mzigo mzito zaidi. Ni ghuba ya maji ya kina kifupi, na inaungana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba karibu na kisiwa cha Rusinga, hivyo kinachoingia humo huchukua muda mrefu kutoka. Na yanayoingia ni mengi: udongo na mbolea kutoka mashamba ya nyanda za juu kupitia mito kama Nyando na Sondu, maji machafu ya viwanda, na majitaka ya mji wa Kisumu, ambao idadi kubwa ya wakazi wake hawajaunganishwa na mifereji ya majitaka. Fosforasi na naitrojeni zinazokusanyika humo ni chakula kwa mimea ya majini. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika Kusini, lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likakuta karamu imeandaliwa. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limetandaa juu ya maelfu ya hekta katika maji ya Kenya, meli zikashindwa kutia nanga na wavuvi wakashindwa kutoka fuoni. Mwani wa buluu-kijani nao hustawi kwa chakula hichohicho, na baadhi ya aina zake hutoa sumu iitwayo maikrosistini, ambayo hudhuru ini. Kuna watu ambao hunywa maji hayo kila siku yakiwa hayajatibiwa.

Je, ni nani mwenye jukumu la kuyasafisha? Hapa ndipo msomaji anapohitaji subira. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, inayaweka maziwa na mito katika ardhi ya umma iliyo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo linazipa kaunti kazi ya huduma za maji na usafi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilizaa NEMA. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 ilizaa Mamlaka ya Raslimali za Maji, badala ya ile iliyozaliwa na sheria ya mwaka 2002. Ipo Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Ziwa, iliyoundwa mwaka 1979. Ipo taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi. Ipo idara ya uvuvi ya kitaifa na ipo ya kaunti. Ipo Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake Kisumu, na lipo Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, makao yake Jinja, Uganda. Chini kabisa ziko kamati za usimamizi wa fuo, ambazo wanachama wake ndio pekee wanaolala wakisikia mawimbi.

Wote hawa, katika lugha ya warsha na makongamano, huitwa wadau. Neno hili limetokana na dau, yaani kile anachoweka mtu katika mchezo wa bahati nasibu kwa matumaini ya kushinda. Laiti lingekuwa limetokana na lile dau jingine, chombo cha kuvukia maji! Maana ziwani wadau ni wengi lakini madau ni machache, na yaliyopo mara nyingi hukosa petroli.

Mtu asidhani kwamba nafanya mzaha. Tuchukue mfereji mmoja tu wa kiwanda unaomwagika mtoni. Kwa mujibu wa kanuni za ubora wa maji, mwenye kiwanda anatakiwa kupata leseni ya NEMA ya kumwaga maji hayo. Kwa mujibu wa sheria ya maji, anatakiwa pia kupata kibali cha Mamlaka ya Raslimali za Maji kwa mfereji huohuo na maji yaleyale. Karatasi ni mbili, ada ni mbili, na faili ni mbili katika majengo mawili. Mtu angetarajia kwamba macho nayo yangekuwa mara mbili. Sivyo hata kidogo. Kila ofisi ina sababu nzuri ya kuamini kwamba nyingine imekwenda kutazama.

Na kutazama si jambo la kupita na gari na kuinua pua. Inabidi ofisa aende mwenyewe hadi kwenye mdomo wa mfereji, achote maji kwa chupa safi, aiandike saa na mahali, aitie kwenye barafu na kuifikisha maabara upesi kabla sampuli haijaharibika. Kipimo kimojawapo muhimu, kile cha kujua uchafu uliomo utateketeza kiasi gani cha oksijeni, huchukua siku tano kamili. Kazi hii inarudiwa wiki baada ya wiki, kwa sababu mwenye nia mbaya anaweza kufungulia uchafu usiku wa manane au wakati wa mvua kubwa. Ofisi ya kaunti yenye maofisa wachache, ambao pia wanapaswa kushughulikia machimbo ya mawe, kelele za vilabu vya pombe, majaa ya taka na ripoti za majengo mapya, haiwezi kuifanya hata kama maofisa wake ni waadilifu kama malaika. Nami nimekutana na kadhaa ambao ni waadilifu kweli. Wamechoka.

Upungufu huu una historia. Mwaka 1993 serikali ilianzisha mpango wa marekebisho ya utumishi wa umma kwa msukumo wa wakopeshaji wa kigeni. Watumishi wengi walihimizwa kustaafu mapema, na ajira mpya zikabanwa. Waliokuwa wakilalamika juu ya makarani wanaokunywa chai ofisini walishangilia, na pengine palikuwa na sababu. Lakini shoka halikuchagua kati ya karani wa chai na fundi wa maabara. Baadaye zikaja sheria mpya, moja baada ya nyingine, kila moja ikizaa mamlaka yenye bodi, nembo, mwenyekiti na gari la mwenyekiti. Ofisi ziliongezeka upesi kuliko mikono. Matokeo yake ni kwamba katika nafasi nyingi tuna kaimu. Neno kaimu tumelipata kutoka Kiarabu, nalo humaanisha mtu anayesimama mahali pa mwingine. Wapo waliosimama hivyo hadi miguu ikafa ganzi, bila mamlaka ya kutia sahihi.

Wakati huohuo, vyuo vyetu vya Maseno, Egerton na Eldoret hufuzisha vijana katika elimu ya mazingira na ya uvuvi. Wengine nimewafundisha stadi za mawasiliano walipokuwa mwaka wa kwanza. Ninakutana nao baadaye wakiuza simu au wakiendesha bodaboda, kazi za halali ambazo siwezi kuzidharau. Ila mtu aliyesomea kwa miaka minne jinsi ya kupima maji anapita kwa pikipiki kando ya ziwa lisilopimwa, naye hana wa kumwajiri.

Yupo atakayeniambia kwamba tatizo ni fedha. Sikubali moja kwa moja. Mradi mkubwa wa usimamizi wa mazingira ya Ziwa Viktoria ulianza mwaka 1997 kwa fedha za Benki ya Dunia na washirika wake, ukamalizika mwaka 2005, kisha awamu ya pili ikafuata kuanzia mwaka 2009. Fedha zilikuja. Kinachofaa kuchunguzwa ni fedha hizo zilitaka kununua nini. Mfadhili hupenda kununua kitu kinachoweza kupigwa picha: mashine, jengo, warsha. Mshahara wa mtu wa kuchota maji kila Jumatatu kwa miaka ishirini haupigwi picha, nao huachiwa bajeti ya kawaida ya serikali, ambayo ndiyo ya kwanza kukatwa.

Hadithi ya fukusi inaonyesha jambo hili vizuri kuliko takwimu zozote. Mwaka 1997 watafiti wetu wa kilimo walianza kuachilia ziwani fukusi wadogo wanaokula gugumaji na kutoboa mashina yake. Uganda ilikuwa imetutangulia kwa miaka miwili hivi. Fukusi hawa walizalishwa katika vituo, kikiwemo cha Kibos, na hata fuoni, ndani ya mapipa na mabeseni, wakitunzwa na watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Wakisaidiwa na mawimbi na mvua za El Niño, walifaulu: kufikia mwaka 2000 hivi sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imetoweka. Hapo tukasahau. Mbegu za gugumaji zinaweza kukaa matopeni kwa miaka mingi zikiwa hai. Majani yanapozama, fukusi nao huangamia, kwa hiyo gugu likichipuka upya lazima awepo mtu mwenye pipa la fukusi wengine. Mvua kubwa za mwaka 2006 ziliposukuma rutuba mpya ghubani, gugu lilirudi kwa kishindo. Lilikuwa tayari, sisi hatukuwa. Kazi iliyohitajika ilikuwa ya mtu wa kubadilisha maji pipani na kuhesabu wadudu, na hiyo si kazi ya kufunguliwa na waziri kwa kukata utepe.

Mwananchi anapoamua kulalamika, hukuta urasimu umemtangulia. Mwaka 1999, gugu lilipoanza kukatwakatwa kwa mashine na mabaki kuachwa yazame, shirika moja la wananchi lilipeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Yaani swali juu ya matope ya Kisumu lilipata sikio Washington. Karibu na nyakati zetu, majirani wa viwanda vya eneo la Kibos walikwenda kortini mwaka 2018 wakidai hewa na mto vinachafuliwa. Kesi yao ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ikaamuliwa huko mwaka 2020, na hoja kubwa iliyojadiliwa haikuwa kama mto ni mchafu. Ilikuwa ni mlango upi walalamishi walipaswa kubisha kwanza, wa mahakama au wa baraza la mazingira. Siwalaumu majaji, sheria ndivyo ilivyo. Mto uliendelea kutiririka miaka yote hiyo miwili.

Mimi mwenyewe nimeonja kidogo utamu huu. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilitujia idarani kutaka tangazo la onyo kuhusu maji ya mwani lifasiriwe kwa Kiswahili na Dholuo, libandikwe fuoni na katika shule. Kufasiri kulituchukua alasiri moja, na mjadala mkali ulikuwa juu ya neno la kuitia ile sumu. Kisha tangazo likahitaji idhini. Ofisi ya pili ikasema kwamba nembo yake haipo. Ya tatu ikauliza kama onyo halitaharibu soko la samaki. Lilipopata mihuri yote, msimu wa mwani ulikuwa umepita na karatasi za kuchapia zilikuwa zimetumiwa kwa jambo lingine.

Kwa hiyo sijiungi na wale wanaodai mamlaka mpya ya kuokoa ziwa. Tukiipata, itatuletea bodi nyingine na kaimu mwingine. Ninachotaka ni kidogo zaidi, na kwa hiyo pengine kigumu zaidi: kibali kimoja kwa kila mfereji, jina la ofisa mmoja anayewajibika kwa kila mto uingiao ghubani, liandikwe mahali pa wazi, wapimaji walioajiriwa kwa masharti ya kudumu na si vibarua wa mradi, na matokeo ya vipimo yabandikwe kila wiki Dunga na fuo nyingine, kwa lugha ambazo wachuuzi wa samaki huzisoma.

Kuna walimu wa shule za kando ya ziwa wanaoweza kuanza bila kungoja. Sahani ya mviringo yenye upana wa sentimita 20, iliyopakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa robo zinazopishana, ikifungwa kamba yenye alama na kuteremshwa majini mpaka isionekane, hueleza uangavu wa maji kwa uhakika wa kutosha. Wanafunzi wa darasa la saba wanaweza kuifanya kazi hiyo kila Ijumaa wakiwa ndani ya mashua pamoja na mtu mzima. Swali ni matokeo hayo yapelekwe wapi. Kwa sasa ningemshauri mwalimu ayaandike kwa kalamu ya wino katika daftari lenye jalada gumu, pamoja na tarehe na jina la mtoto aliyepima, na alifungie daftari hilo katika kabati la mwalimu mkuu.